Kadi ya Tuzo na Kalenda ya Mpunga

Katika ngoma za Waswahili mtuzaji na mtuzwa ni watu wawili. Mtazamaji aliyependezwa huondoka mahali pake, hutoa fedha, humbandika mchezaji pajini au humpa mkononi, na watu wote huona. Mchezaji hutoa jasho na ustadi. Mtuzaji hutoa mali. Ndiyo asili ya methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa. Siku hizi neno hilo zuri limechukuliwa na wauzaji wa kadi za mkopo, likapewa maana ambayo wazee wangeicheka. Mtu hutumia fedha zake, au fedha alizokopa, akanunua bidhaa. Kisha benki humrudishia moja katika mia na kumwambia kuwa ametuzwa. Aliyecheza ndiye aliyelipa, na aliyelipa ndiye anayetakiwa kushukuru.

Mabishano juu ya kadi hizi aghalabu huendeshwa na watu wa mshahara kwa faida ya watu wa mshahara. Huulizwa ni ipi itoayo pointi nyingi, ni ipi irudishayo fedha taslimu, na ni ipi imfunguliayo mwenye nayo chumba cha kupumzikia katika uwanja wa ndege. Haiulizwi kadi hiyo ilikatwa kwa kipimo cha maisha ya nani. Nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja haimfai mwingine kwa sababu tu kitambaa chake kinang'aa. Dai linalotetewa hapa ni hili: kadi ya tuzo ni chombo cha mtu wa mwezi, na mtu wa msimu, yaani yule atumiaye fedha nyingi mara chache katika mwaka, ni mmoja wa wanaoigharimia karamu ya wengine. Kwa hiyo anapochagua kadi, au mkopo wowote ufananao na kadi, jambo la kwanza kulitazama ni bei ya kuchelewa kulipa, na tuzo iwe jambo la mwisho.

Ili dai hilo lisibaki maneno matupu, na litazamwe katika Ikolo. Ikolo ni kata ya wilaya ya Kyela, katika nchi tambarare iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mito ishukayo kutoka milimani, kama vile Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hulijaza bonde hilo udongo mwema, na katika miezi ya Machi na Aprili hulijaza maji pia. Mpunga hupandwa mvua zinaposhika, ukavunwa tangu Mei hadi Julai. Mchele wa Kyela una harufu nzuri na sifa yake imefika masoko ya mbali, hata wauzaji wa michele mingine huazima jina lake. Lakini sifa ya mchele haiubadilishi mwaka wa mkulima. Fedha zake kubwa huingia mara moja, na baada ya hapo ni safari ndefu ya kuzigawa.

Matumizi yake nayo yana mwendo wake. Wiki nyingi hupita katika nyumba ya Ikolo bila kutoka fedha nyingi: chumvi, sabuni, usipa, mafuta ya kupikia, vocha ya simu. Halafu hufika siku moja inayomeza matumizi ya miezi mitatu. Januari ni shule. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, godoro la bweni, nauli na madaftari havikufutwa na sheria yoyote. Baada ya mavuno ni bati na saruji, kwa maana nyumba hujengwa wakati fedha zingali mkononi. Arusi hungoja msimu, msiba haungoji. Godfrey Wilson aliandika mwaka 1939 juu ya desturi za mazishi za Wanyakyusa, na katika maandishi yake msomaji huona ng'ombe wakichinjwa, watu wengi wakikusanyika, na ngoma ikichezwa mazikoni. Mengi yamegeuka tangu wakati ule, lakini gharama ya kumzika mtu kwa heshima haijapungua.

Huyo ndiye mtumiaji mkubwa wa mara chache. Hana kasoro ya tabia, wala hakukosa elimu ya kupanga mambo. Matumizi yake hupanda na kushuka kwa sababu mapato yake hupanda na kushuka, na mapato yake hufuata mvua. Tena hakai Ikolo peke yake. Mvuvi wa Matema aliyengoja samaki, fundi wa Mbeya aliyengoja malipo ya nyumba aliyoijenga, mwandishi aliyengoja malipo ya kitabu, na mtu wa Kyela aishiye Dar es Salaam ambaye kwa mwaka mzima hununua kidogo, halafu akabeba gharama ya msiba wa baba yake kwa siku tatu: wote ni wa ukoo mmoja.

Sasa na itazamwe kadi yenyewe, ilikotoka na ilikusudiwa nani. Diners Club ilianzishwa New York mwaka 1950 kwa ajili ya watu waliokula mara kwa mara katika mikahawa ya mjini, wakalipa hesabu yote mwisho wa mwezi. Mwaka 1958 Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, bila ya wao kuziomba, na ndipo desturi ya kubeba deni kutoka mwezi mmoja hadi mwingine ilipopata nguvu. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri ili warudishiwe safari, na mwaka 1987 Citibank ilitoa kadi iliyounganishwa na maili hizo. Tangu hapo ununuzi wa mkate uliweza kuzaa sehemu ya tiketi ya ndege. Katika historia hiyo yote mtu aliyefikiriwa ni mmoja: mwenye mshahara wa mwezi, ankara ya mwezi, na safari nyingi.

Kwa hiyo kadi ni kalenda kabla ya kuwa chombo cha malipo. Humpa mwenye nayo muda usio na riba, ambao kwa kadi nyingi ni siku kama 50, kisha humtaka alipe yote au aanze kulipa riba. Kwa mwalimu apokeaye mshahara kila mwisho wa mwezi, siku 50 ni nyingi; mshahara humfikia kabla ya ankara. Kwa mkulima wa Ikolo aliyelipia shule mwezi wa Januari, siku hizo humalizika Machi, wakati mpunga umesimama majini na mvua ndiyo kwanza zinazidi. Kati ya siku ya kulipa na siku ya kuvuna pana miezi mitatu au minne. Pengo hilo ndilo shamba la benki. Tena kwa kadi nyingi mtu asipolipa deni lote, hupoteza muda usio na riba hata kwa manunuzi mapya, na kila atakachonunua huanza kutozwa siku ile ile.

Tuzo nayo hutoka wapi? Haitoki katika hisani ya mtu. Hutoka katika mifuko mitatu: mfuko wa mwenye duka, ambaye hukatwa sehemu ya kila malipo ya kadi, mfuko wa mwenye kadi aliyechelewa, ambaye hulipa riba, na mfuko wa kila mwenye kadi, ambaye hulipa ada ya mwaka. Mwenye duka naye hali hasara kimya kimya. Hupandisha bei kidogo kwa watu wote, hata kwa yule aliyekuja na noti mkononi. Watafiti wa Benki ya Akiba ya Shirikisho ya Boston, Marekani, walipima jambo hilo mwaka 2010. Waliona kwamba, kwa wastani, kila nyumba inayolipa taslimu ilikuwa ikitoa dola 149 kwa mwaka kwa nyumba zinazolipa kwa kadi, na kila nyumba ya kadi ilikuwa ikipokea dola 1,133 kutoka kwa nyumba za taslimu. Hakuna aliyeombwa ridhaa yake. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka mpaka wa 0.3 katika mia kwa malipo ambayo benki ya mwenye duka huilipa benki iliyotoa kadi ya mkopo. Australia ilikuwa imeanza kuyapunguza malipo ya namna hiyo tangu mwaka 2003, na tuzo za kadi zikapungua pamoja nayo. Chemchemi ilipobanwa, kisima kilionyesha maji yake yalitoka wapi.

Mfano wa hesabu utafaa kuliko maneno mengi. Na achukuliwe mtu wa Ikolo mwenye kadi inayotoza ada ya shilingi 50,000 kwa mwaka, inayorudisha moja katika mia, na inayotoza riba ya tatu katika mia kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hutumia shilingi 3,000,000 katika manunuzi makubwa matatu. Tuzo yake yote ni shilingi 30,000. Ada peke yake imekwisha kumshinda kwa shilingi 20,000, na bado riba haijatajwa. Katika manunuzi hayo, shilingi 1,200,000 ni za Januari, na zinakaa miezi minne baada ya muda usio na riba. Riba yake, bila hata kuhesabu riba juu ya riba, ni shilingi 144,000. Tuzo ya ununuzi huo huo ni shilingi 12,000. Benki imempa kumi na mbili elfu kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto imechukua mara kumi na mbili yake.

Mtu huyo huyo na apewe kadi nyingine isiyo na ada wala tuzo, inayotoza mbili katika mia. Riba ya Januari itakuwa shilingi 96,000. Amebakiwa na shilingi 48,000 kwa riba peke yake, nazo zinazidi tuzo yote ya mwaka mzima katika kadi ya kwanza, na ada ya 50,000 haikutoka. Kwa mtu wa msimu, moja katika mia iliyopunguzwa katika riba ya mwezi ina thamani kuliko pointi zote zilizoandikwa katika tangazo. Hata hivyo riba huandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi, na tuzo huandikwa juu kwa herufi kubwa.

Watetezi wa kadi za tuzo wana majibu, nayo yafaa yasikilizwe. La kwanza, husema kwamba mtu mwerevu hulipa deni lake lote kwa wakati, asitozwe riba hata senti, akachukua tuzo bure. Hili ni kweli kwa mtu ambaye fedha zake zimekwisha kuwako siku anayonunua. Mkulima aliyeuza mpunga Julai na kununua bati Agosti anaweza kupitisha malipo katika kadi, akalipa mwezi ule ule, na hakuna wa kumlaumu. Wapo hata wasemao kwamba mtumiaji mkubwa wa mara chache ndiye hasa anayefaa kwa zawadi ya kukaribishwa, ile apewayo mwanachama mpya akitumia kiasi fulani katika miezi ya mwanzo. Kwa maana mwenzake wa manunuzi madogo hakifikii kiasi hicho. Hilo nalo lina ukweli ndani yake, na mtu asilikatae kwa ushupavu.

Lakini ukweli huo una masharti, na masharti yake ndiyo habari yenyewe. Ununuzi uwe umekwisha kuamuliwa kabla ya kadi kufikiriwa. Aliyepanga bati ishirini akanunua thelathini ili akifikie kiasi cha zawadi amejinunulia zawadi yake kwa bati kumi. Kadi isiwe na ada ya mwaka, au ifungwe kabla ada ya mwaka wa pili haijatozwa. Marudisho yawe ya fedha, yasiwe ya pointi. Na zaidi ya yote, muuzaji awe anapokea kadi, na asiongeze bei kwa sababu yake. Katika wilaya ya Kyela benki zina matawi na mawakala, na simu hulipa mahali pengi. Lakini muuza ng'ombe wa msiba hana mashine ya kadi, wala fundi wa matofali, wala mama auzaye mbegu. Tuzo kubwa katika kadi nyingi huwekwa katika petroli, hoteli na tiketi za ndege. Ng'ombe, mbao na jembe havimo katika orodha hiyo.

Tena pointi si fedha. Fedha iliyo mkononi mwa mtu ni mali yake. Pointi ni ahadi, na kalamu ya kuigeuza ahadi hiyo iko mkononi mwa aliyeitoa. Kenya ilipata somo la jambo hili. Kampuni ya Safaricom ilianza mpango wa pointi za Bonga mwaka 2007, na wateja wakaziweka kwa miaka mingi kana kwamba ni akiba. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizozidi umri wa miaka mitatu zingefutwa. Malalamiko yakatokea, na hatua ile ikasitishwa. Kusitishwa kwake ni jambo jema, lakini halikuondoa lililofunuliwa. Mtu wa mwezi huzikusanya pointi na kuzitumia upesi. Mtu wa msimu huzikusanya polepole, na hivyo huwa wa kwanza kukutwa na tarehe ya kufutwa.

Jibu la pili la watetezi lina nguvu zaidi. Husema: mkulima atakopa tu, apende asipende, je, si afadhali akope kwa kadi ya benki kuliko kwa wale ambao watu wameiita mikopo yao kausha damu? Jina hilo halikutungwa na wataalamu. Lilitungwa na waliokauka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa mtandao bila leseni. Na hata mikopo halali ya simu si rahisi. M-Shwari, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya 7.5 katika mia kwa mkopo wa siku 30. Mtu aliyeurudia mkopo huo kwa miezi 12 alilipa shilingi 90 kwa kila 100 aliyokuwa nayo mkononi. Kabla ya simu palikuwa na mkopo mwingine wa kale zaidi: kuuza mazao yangali shambani. Huko Kagera kahawa iliyouzwa ingali mtini ilipewa jina la butura. Katika bonde la mpunga jambo ni lile lile hata bila ya jina: fedha kidogo hupokewa wakati wa njaa, na gunia zima huondoka wakati wa mavuno.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haiisaidii tuzo hata kidogo. Husema kwamba mkopo wa bei ndogo ni bora kuliko mkopo wa bei kubwa, na hilo ndilo linalodaiwa hapa tangu mwanzo. Aliyeikimbia kausha damu kwa sababu ya bei yake hana sababu ya kuchagua kadi kwa kitu kingine kisichokuwa bei. Kumwonyesha mtu aliye taabuni pointi na maili ni kumwondoa katika swali lake la haki, yaani kuchelewa miezi minne kutamgharimu kiasi gani, na kumtia katika swali la anasa. Waswahili walikwisha kusema kwamba kukopa arusi, kulipa matanga. Kadi ya tuzo imeongeza ngoma katika arusi hiyo. Matanga yamebaki kama yalivyokuwa.

Hasara ya matanga hayo haiishii katika riba. Bei ya mpunga aghalabu huwa chini wakati wa mavuno, wakati kila nyumba ina magunia ya kuuza, na hupanda miezi ya mbele ghala zinapopungua. Mwenye deni hana miezi ya mbele. Ikiwa gunia lingeuzwa shilingi 100,000 mwezi wa Juni na 150,000 mwezi wa Januari, basi aliyelazimishwa kuuza magunia kumi Juni amepoteza shilingi 500,000, ambazo hazitaonekana katika ankara yoyote ya benki. Hiyo ndiyo gharama ya kufungwa katika kalenda ya mtu mwingine. Aliyepanda kakao ana nafuu kidogo, kwa sababu mti wa kakao huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka na fedha zake huingia kwa vipande. Lakini naye, chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, hupeleka mzigo, hungoja mnada, kisha hungoja malipo. Mwenye kadi ya mwezi hajui kungoja kwa namna hiyo.

Liko jibu la tatu, nalo hutoka kwa wasomi wenyewe. Husema kwamba kadi za mkopo ni habari ya miji mikubwa na nchi tajiri, na kuzizungumza pamoja na mpunga wa Ikolo ni kuvalisha jembe kilemba. Wasemao hivyo wameitazama plastiki wasiutazame utaratibu. Utaratibu ulikwisha kufika Ikolo bila ya plastiki: simu inayokopesha salio na fedha, na mtandao unaohesabu pointi kwa kila shilingi itumikayo. Kila mkopo wa siku 30 ulioko katika simu ya mkulima wa miezi sita ni ndugu wa kadi ile. Na watoto wa Kyela walio vyuoni leo ndio watakaoajiriwa kesho katika benki na kampuni hizo, waandike masharti ya mikopo hiyo. Ikiwa chuo kikuu hakikuwafundisha kuuliza kalenda ya mkopaji ni ipi, watayanakili masharti ya Fresno na kuyapeleka Ikolo yakiwa na tafsiri ya Kiswahili tu.

Je, hakuna tuzo ya haki kwa mtu atumiaye fedha nyingi mara chache? Ipo, na ni ya zamani kuliko kadi. Desemba 1844 watu wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka la ushirika lililoanzishwa na wanachama 28. Waliuza kwa fedha taslimu, na faida iliyobaki waliigawa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Aliyenunua kingi kwa siku moja na aliyenunua kidogo kila siku walipimwa kwa kipimo kimoja. Hakuna mgeni aliyepandishiwa bei ili mwanachama atuzwe, na hakuna aliyechelewa aliyekamuliwa ili aliyewahi anywe. Tanganyika iliupokea ushirika mapema: sheria yake ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikasimama. Malipo ya pili, apatayo mkulima baada ya mazao kuuzwa na hesabu kufungwa, ni tuzo kwa maana yake halisi: hutoka katika ziada ya kazi yake mwenyewe.

Mpinzani atasema kwamba vyama vya ushirika vimekula fedha za wakulima wengi. Hasemi uongo. Kulikuwa na wizi, kulikuwa na uzembe, na kulikuwa na mkono mzito wa serikali, iliyovivunja vyama hivyo mwaka 1976 na kuvirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini ubovu wa chama una dawa ambayo ubovu wa kadi hauna. Mwanachama aweza kudai daftari lifunguliwe, akasimama mkutanoni, akamwondoa mwenyekiti kwa kura. Mwenye pointi hana mkutano wa kuhudhuria wala mwenyekiti wa kumwondoa. Ana namba ya simu ya huduma kwa wateja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua hata vikundi vidogo vya kuweka na kukopa vya vijijini. Kikundi cha namna hiyo kikiwa na uaminifu huweza kukopesha Januari na kudai Agosti, kwa sababu wanachama wake wamepanda mpunga ule ule na wamenyeshewa mvua ile ile.

Na msiba wa Ikolo una daftari lake. Katika daftari hilo huandikwa nani alileta debe la mchele, nani alileta kuni, nani alitoa shilingi elfu mbili, ili siku ya msiba wake naye asimame na watu. Huo ni mkopo mkubwa kuliko mingi, nao hauna riba wala tarehe. Una kumbukumbu na aibu. Haufai kwa kila jambo: haununui bati wala haulipi chuo. Lakini umemwelewa mtu wa msimu kuliko benki yoyote ilivyomwelewa, na mwenye kutaka kubuni mkopo wa haki angejifunza mengi kwa kuusoma.

Basi yule atumiaye fedha nyingi mara chache, akiwa Ikolo au mahali pengine, na azishike kanuni chache. Kwanza ajiulize kama fedha za kulipia ziko tayari. Zikiwa tayari, achukue kadi isiyo na ada, irudishayo fedha taslimu, na asinunue hata msumari mmoja kwa ajili ya tuzo. Zikiwa haziko tayari, alisahau neno tuzo kabisa. Atafute riba ndogo kuliko zote na tarehe ya kulipa iliyo karibu na mavuno yake, ikiwezekana iliyo baada yake, apate kungoja bei. Akiba ya Agosti iliyowekwa kwa ajili ya Januari ni bora kuliko kadi zote mbili.

Na benki zisemazo kwamba zinamjali mkulima nazo zina la kufanya. Zitoe mkopo ambao ankara yake hutoka Agosti badala ya kila mwezi. Ziandike bei ya kuchelewa kwa shilingi, mahali pale pale na kwa herufi zile zile zinazoandikiwa tuzo. Na ziache kuita tuzo kile ambacho mteja amekwisha kukilipia. Mpaka yatendeke hayo, mtu wa Ikolo anayekataa kadi inayong'aa asihesabiwe kuwa mshamba. Amesoma masharti, akayalinganisha na shamba lake, akaona kwamba tarehe zake hazipatani.